Ngeli

Kwenye daftari langu, hospitalini kwetu, mteremkoni mwa Rungwe,
mimba ni "i".
Imetunga. Imekua. Imetoka.
Mtoto ni "a".
Analia, ana kilo tatu na robo, amefunikwa shuka la bluu.
Kati ya "i" na "a" kuna mstari mwembamba wa rula
na wino wangu hapo hauwahi kukauka,
maana mvua ya Tukuyu haina Jumapili.

Subilaga aliletwa usiku
nyuma ya Landrova ya kiwanda cha chai,
miguu imevimba, anasema anaona vimulimuli
ndani ya chumba kisicho na vimulimuli.
Wiki ya ishirini na moja.
Daktari Mwakibete alipima presha, akapima tena mkono wa pili,
akavua miwani.
"Tukingoja," akasema, "tunazika wawili.
Tusipongoja, tunazika…"
Akatafuta jina la yule, au la kile.
Akavaa miwani.

Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, kanga imelowa:
"Mimi nilimsikia. Jumapili, kanisani, katikati ya zaburi.
Niliweka mkono, akanijibu."

Mchungaji, aliyekuja na mwavuli uliovunjika ubavu:
"Mungu ndiye aliyetunga.
Na anachokitunga Mungu hakina rasimu."

Daktari: "Mapafu yake bado ni karatasi mbili zilizolowa, mchungaji."
Hata yeye, sikio langu lilinasa,
alisema yake.

Kutunga: shanga hutungwa, shairi hutungwa,
jipu nalo hutunga usaha.
Kutoa: sadaka, jino, hesabu ya darasa la pili.
Babu zetu walituachia maneno machache kwa kazi nyingi,
kama jembe moja la nyumba nzima.

Mimi pia nina "i" moja,
ya mwaka niliosoma Uyole.
Sikumshirikisha mtu. Baridi ya Juni, sweta la kuazima,
na basi la kurudi chuoni nimesimama njia nzima.
Kwa miaka kumi na tisa nimeiita "ile",
na kila mwaka ile inarefuka,
sasa ingenipita kimo.
Sijuti kila siku. Siku nyingine najuta kabla ya chai.

Ambakisye, mumewe, alikuwa anashika kofia kama sahani ya moto.
"Muulizeni mwenyewe," akasema. "Mwili si shamba langu."

Subilaga akafumbua macho.
"Nina wanne nyumbani," akasema.
"Mdogo halali mpaka anishike sikio."
Kisha akaweka kiganja tumboni,
akakiacha hapo muda wa mtu anayeaga kituoni,
akasema:
"Mtoeni."

Hakusema "itoeni".

Chumba kikanyamaza.
Mchungaji akainamisha kichwa:
alikuwa ameshinda hoja,
na ushindi ule haukuwa na pa kuutua.
Daktari akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu.
Na mimi, mwenye kalamu, nilijua
kwamba kuna watu hujidanganya ili waweze,
na kuna huyu, ambaye alitaja jina la kitendo chake
herufi kwa herufi,
kisha akakitenda.

Alfajiri Ambakisye aliondoka na boksi la glavu ndani ya koti.
Njia ya Kiwira, chini, kuelekea migombani kwao.
Alitembea polepole pale penye utelezi
kama mtu aliyebeba moto, au mayai.
Mchungaji alimfuata na ule mwavuli.
Haukuwafunika wote. Mchungaji ndiye aliyelowa.

Safu ya saba inauliza: Matokeo.
Nikaandika.

Mwisho wa mwezi mkaguzi wa wilaya alipita na kalamu nyekundu.
Akafika mstari ule: "Mimba, wiki 21. Ametoka."
Akazungushia duara.
"Hapa dada," akasema kwa upole, "sarufi."
Nikamwambia ni kosa langu.

Sikulisahihisha.